Posho kwa Wauguzi Wanaofundisha Watumishi Wapya: Utaratibu na Hali Halisi Mkoani Kigoma

Mtumishi mpya wa afya huanza ajira yake Serikalini kwa kipindi cha majaribio cha miezi 12. Katika kipindi hicho mwalimu wake wa kila siku ni muuguzi mzoefu aliyemkuta wodini. Huyo ndiye humwonesha utunzaji wa dawa, ujazaji wa kumbukumbu za wagonjwa, makabidhiano ya zamu na hatua za kuchukua mzazi anapotokwa damu nyingi baada ya kujifungua.

Mkoani Kigoma jukumu hilo lina uzito wa pekee. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, mtumishi mpya ana wataalamu wa fani mbalimbali wa kuwauliza. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama Buhingu wilayani Uvinza, ambako boti bado ni usafiri wa kutegemewa, mgonjwa wa dharura hawezi kusubiri mtaalamu kutoka mjini.

Mkoa una mfano wa manufaa ya mafunzo kazini. Kuanzia mwaka 2006, mradi wa kupunguza vifo vya uzazi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies uliwezesha vituo vya afya kufanya upasuaji wa uzazi, huku wauguzi wakifundishwa kutoa dawa ya usingizi. Ujuzi wa namna hiyo hudumu kituoni endapo tu aliyenao atamrithisha anayemfuata.

Kuhusu malipo, kumwelekeza mtumishi mpya ndani ya saa za zamu huhesabiwa kuwa sehemu ya majukumu ya kawaida ya muuguzi. Mafunzo yanapofanyika nje ya saa za kazi, suala hilo huangukia kwenye posho ya kazi za ziada, ambayo huhitaji idhini ya mwajiri na uwepo wa bajeti. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha kiwango cha juu cha posho hiyo kutoka shilingi 30,000 hadi 60,000 kwa siku, na kiwango cha chini kutoka shilingi 15,000 hadi 30,000.

Nchi nyingine zina njia tofauti. Nchini Marekani, baadhi ya hospitali humwongezea muuguzi kiasi kidogo cha fedha kwa kila saa anayosimamia mwenzake mpya. Nchini Uingereza, fedha za mafunzo ya wanafunzi kwa vitendo hupelekwa kwa taasisi inayowapokea, si kwa muuguzi mmoja mmoja.

Ugumu uko kwenye kazi inayofanyika ndani ya zamu. Muuguzi anayefundisha hapunguziwi wagonjwa. Hivyo hubeba kazi mbili kwa mshahara mmoja. Kumpa jukumu hilo kwa maandishi, kuliingiza katika malengo yake kwenye mfumo wa PEPMIS na kupanga zamu kwa kuzingatia mzigo huo ni hatua zinazoifanya kazi yake ionekane na ipimwe. Saa za ziada nazo zikiombewa idhini mapema na kuandikwa kwenye daftari la zamu, madai yake huwa na ushahidi.

Kazi isiyoandikwa ni vigumu kuilipa, na mwalimu aliyechoka hufundisha kwa haraka. Gharama ya haraka hiyo humwangukia mgonjwa, usiku ambao mtumishi mpya yuko zamu peke yake.