Mchanga Ndani ya Kompyuta: Kutoka kwa Coulomb Hadi Leo

Wiki iliyopita lori lilimwaga mchanga nje ya ploti tunayokaa, kuna fundi anajenga ukuta. Mchanga ulimiminika kama maji, kisha ukatulia kama kilima. Fundi akapanda juu na sepetu yake, wala hakuzama. Nikajiuliza: kitu kama hiki unakiandikia programu vipi? Ni kimiminika au ni kigumu?

Usiku nikajaribu. Chembe 1,000, kila moja ikiulizwa kama imegusana na kila mwenzake. Hizo ni jozi 499,500 kwa kila hatua. Nilipoweka chembe 10,000, jozi zikakaribia milioni 50 na kompyuta ikaganda. Basi nikaacha kuandika nikaanza kusoma historia.

Ni hadithi ndefu. Mwaka 1773 Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa amesimamia ujenzi wa ngome kisiwani Martinique, aliwasilisha hesabu zake kuhusu kuta zinazozuia udongo. Aliziacha chembe kabisa. Udongo ulio nyuma ya ukuta aliuchukua kama kabari moja inayotaka kuteleza, ikizuiwa na msuguano na mshikamano. Hesabu hiyo unaifanya kwa kalamu, na wahandisi wanaitumia hadi leo. Lakini inakuambia tu ukuta utalemewa lini. Haikuambii mchanga unajisogezaje kabla ya hapo.

Kompyuta zilipokuja, ikaja mbinu ya elementi finiti, jina alilolitumia Ray Clough mwaka 1960. Unagawa udongo kwa wavu, halafu kila kipande unakipa fomula. Shida ni hiyo fomula. Mchanga uliolegea na mchanga ulioshindiliwa ni mchanga ule ule, lakini tabia ni mbili tofauti.

Peter Cundall akageuza mambo. Mwaka 1971, kwenye mkutano wa Nancy, Ufaransa, alionyesha programu iliyofuata vipande vya mwamba kimoja kimoja. Mwaka 1979, yeye na Otto Strack wakachapisha njia hiyo kwa chembe, katika jarida la Géotechnique. Kanuni zenyewe ni chache: chembe mbili zikigusana zinasukumana kama springi, msuguano ukishindwa, zinateleza, kisha sheria ya Newton inazisogeza kidogo, na unarudia. Chembe zao zilikuwa visahani bapa tu. Walilinganisha matokeo na majaribio ya maabara ya mwaka 1969, yaliyotumia visahani vinavyoonyesha kwa mwanga pale vinapobanwa. Picha zilifanana: mzigo haujisambazi sawasawa, unapita kwa minyororo ya chembe chache huku nyingine zikipumzika.

Sasa piga hesabu. Mita moja ya ujazo ya chembe za milimita moja ina chembe zaidi ya bilioni moja. Na hatua za muda lazima ziwe ndogo sana, la sivyo chembe zitapenyana na programu ilipuke.

Ndipo watu wakaanza kuunganisha ngazi mbili. Mfano mmoja ni kazi ya Ning Guo na Jidong Zhao wa Hong Kong, iliyochapishwa 2014. Wavu mkubwa unabaki, lakini kwenye kila nukta ya hesabu fomula inaondolewa na kuwekwa kisanduku cha chembe mia kadhaa. Wavu unakiambia kisanduku, "umebanwa kiasi hiki." Kisanduku kinarudisha jibu la mkazo. Visanduku haviongei vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo unavigawa kwa prosesa nyingi bila taabu. Kwa upande wa chembe walitumia YADE, programu huria ambayo hata wewe unaweza kuipakua bure.

Lakini hakuna cha bure kabisa. Wavu unaona mkazo tu, hauoni ukubwa wa chembe. Mchanga unapokatika kwa mstari mwembamba wa kuteleza, unene wa mstari huo unafuata ukubwa wa wavu uliouchagua, wakati kwenye mchanga halisi unafuata ukubwa wa chembe. Yaani jibu linaweza kuwa lako, si la mchanga. Hilo ndilo watafiti wanahangaika nalo.

Mimi programu yangu nimeirekebisha: nimegawa nafasi kwa vyumba vidogo, na kila chembe inawauliza majirani tu. Zile 10,000 sasa zinaenda. Bado bilioni moja kasoro kidogo nifikie rundo la fundi.