Je, mtungi wa mbizi wahitaji kupimwa kweli?

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa Nakuru na kazi, na nilipopanda huku nilipanda na mtungi wangu wa mbizi. Majirani hunicheka: bahari iko wapi? Lakini mitungi hiyo si migeni hapa. Tarehe 21 Oktoba 2017 helikopta yenye watu watano ilipoanguka Ziwa Nakuru, wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji walikuja kusaidia kutafuta katika maji yale ya tope.

Juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Likoni. Amepata mtungi wa chuma wa kununua, umejazwa na kuwekwa miaka sita. "Mjomba, rangi haijachubuka hata kidogo. Kuupima si kutupa pesa?" Nikamwambia asivute hewa yake, wala asiupeleke kujazwa.

Ndugu msomaji, mtungi wa kawaida hujazwa hadi baa 200 hivi. Tairi la gari dogo ni baa 2 na kitu. Na mara nyingi mtungi mbovu haumpasukii mzamiaji chini ya maji. Humpasukia kijana anayeujaza.

Kuna ukaguzi wa macho: hewa inatolewa, vali inafunguliwa, taa inaingizwa ndani kutafuta kutu, vishimo na nyufa za shingoni. Wazamiaji wengi hufanya hivyo kila mwaka. Wako wanaosema hiyo ni biashara ya maduka, na kwa mtu anayetunza mtungi wake vizuri sitabishana nao sana. Kipimo cha shinikizo ndicho nisichokubali kukisamehe. Mtungi hujazwa maji, huzamishwa ndani ya chombo kingine cha maji, kisha husukumwa kupita shinikizo lake la kazi kwa thuluthi mbili. Chuma kizima hutanuka kikarudi. Kilichochoka hubaki kimevimba, na uvimbe ukizidi asilimia 10 ya ule mtanuko wote, mtungi unatupwa. Hutumika maji kwa sababu hayabanwi kama hewa, hivyo mtungi ukipasuka haurushi vipande. Marekani na Uingereza hupima hivi kila miaka 5, na tarehe hugongwa begani mwa mtungi.

Kosa la mpwa wangu ni kudhani mtungi uliokaa hauchakai. Matone machache ya maji ya chumvi yakibaki ndani ya mtungi wa chuma huleta kutu, na kutu hula oksijeni ya hewa iliyomo. Hewa hiyo haina harufu wala haikabi. Mtu huzimia tu. Alumini nayo ina yake: mitungi ya zamani ya aloi namba 6351, iliyotengenezwa hadi miaka ya 1980, hupata nyufa shingoni kwa kule kukaa na shinikizo tu.

Huku Bondeni pana jambo jingine. Ziwa Nakuru ni maji ya magadi, na aliyewahi kupika maharagwe kwa magadi katika sufuria ya alumini anajua inavyobadilika ikawa nyeusi. Mtungi wa alumini ukiingia ziwa kama hilo uoshwe kwa maji matamu siku ileile, na kile kiatu chake cha mpira kivuliwe, maana maji hujificha humo.

Mimi mwenyewe si mtakatifu. Wangu ulipitisha tarehe miaka miwili. Niliposhuka nao Mombasa, mtupu, fundi alipoufungua alikuta unga mweupe ndani kama poda. Ulisafishwa, ukapimwa, ukapita.

Jana mpwa alinitumia picha ya bega la ule wake. Mhuri wa mwisho ni wa 2014. Nikamwambia amwombe mwenyewe wautoe vali, watie taa ndani. Mwenye mtungi amekataa katakata. Anasema ukifunguliwa utapoteza hewa yake nzuri.