Barua pepe ya siri: Polisi wakija na amri, nini kinabaki salama?

Kwenye maduka ya simu ya mtaa wa Aggrey, Kariakoo, programu kama Proton Mail au Tuta inaingia kwenye simu janja kwa dakika chache na bando dogo tu. Akishaiweka, mtu huona mambo yameisha: barua zake zimefungwa, hakuna wa kuzisoma.

Sehemu kubwa ya imani hiyo ni kweli. Shida iko kwenye kile kipande kidogo kilichobaki nje ya kufuli, na mara nyingi wapelelezi huanzia hapo.

Barua pepe iliyosimbwa hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji. Kampuni iliyo katikati inatunza maandishi isiyoweza kuyasoma. Lakini bahasha yenyewe iko wazi: nani kamwandikia nani, siku gani na saa ngapi. Kwa Proton, hata kichwa cha barua hakimo ndani ya usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, ingawa Tuta wao wanakifunga. Na ukimwandikia mtu wa Gmail barua ya kawaida, nakala iliyoko kwake haina kufuli hilo. Watu wengi wa mjini wako Gmail, kwa hiyo hili si jambo dogo.

Tanzania ina kesi inayoonyesha wapelelezi wanatafuta nini hasa. Desemba 13, 2016, polisi jijini Dar es Salaam walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums. Yeye na mwenzake Mike Mushi wakafikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, katikati ya jiji, wakiwa na kesi tatu. Pamoja na shtaka la kuendesha tovuti isiyotumia kikoa cha .tz, walidaiwa kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za wanachama wao waliokuwa wakiandika kwa majina ya bandia.

Tazama hapo. Maandishi yenyewe yalikuwa hadharani, kila mwenye simu aliyasoma. Polisi walitaka kujua nani kaandika.

Nguvu ya kudai hivyo inatoka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo. Kifungu cha 32 kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi kama hiyo, uwezo wa kumwamuru mtu yeyote mwenye data inayohitajika kwenye uchunguzi aitoe. Haisemi lazima aanze kwa hakimu. Kifungu cha 31 kinamruhusu pia kuagiza upekuzi na kuchukua kifaa. Anayekaidi anakutana na kifungu cha 22: faini isiyopungua Sh3 milioni, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kesi moja kati ya zile tatu ilifutika Juni 2018 baada ya wote wawili kuachiwa. Nyingine ilifika mwisho Aprili 8, 2020: Mushi akaachiwa, Melo akatiwa hatiani na kutakiwa kulipa Sh3 milioni au aende jela mwaka mmoja. Ni zaidi ya miaka mitatu ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, na aliyelipa ni mtunza data, si mwandishi wa ujumbe.

Sasa, mkuu wa kituo cha Msimbazi hawezi kuiandikia Proton kule Uswisi barua ikatii. Sheria ya Uswisi inaikataza kampuni hiyo kuipa serikali ya nje data moja kwa moja. Ombi linapaswa kupita kwa mamlaka za Uswisi zenyewe, safari ndefu yenye makaratasi mengi. Umbali huo ni kinga ya kweli, na pengine ndiyo kubwa kuliko hata usimbaji.

Ila ombi likikubaliwa, kampuni inatii. Mwaka 2021 polisi wa Ufaransa walikuwa wanamtafuta mwanaharakati wa mazingira. Ombi likapitia Europol hadi Uswisi, na Proton ikaamriwa kuanza kurekodi anwani ya IP ya akaunti yake. Barua zake hazikufunguliwa, lakini anwani ilitosha. Hushmail ya Canada ilikwenda mbali zaidi mwaka 2007: kwa amri ya mahakama ilitoa barua zikiwa zimeshafunguliwa.

Aliyegoma kweli ni Ladar Levison wa Lavabit, Marekani, huduma aliyoitumia Edward Snowden. Mwaka 2013 alipotakiwa kutoa funguo za mfumo mzima, kwanza alizitoa zimechapwa kwenye kurasa 11 kwa herufi ndogo kama chawa. Mahakama haikucheka. Agosti 8 akaifunga huduma yenyewe, na wateja wake wote wakabaki bila barua.

Kwa mtumiaji wa Dar es Salaam, anwani ya IP inaongoza moja kwa moja kwenye laini. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, kwa hiyo laini ina namba ya NIDA, na NIDA ina sura na jina. Aliyeweka namba yake ya simu iwe ya kurejeshea akaunti ya siri ameshaandika jina lake mlangoni. Mwaka 2024 ilijulikana kuwa mwanaharakati wa Catalonia alipatikana kwa njia ya jinsi hiyo: Proton ilitoa barua pepe yake ya kurejeshea akaunti, ikawa ni ya Apple, na Apple wakaulizwa.

Kukimbilia intaneti kafe ya mjini nako hakusaidii sana. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye kafe wafunge kamera na kuzipa kompyuta zao anwani za IP zisizobadilika. Kwa upande wa VPN, Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba watu na kampuni wanaozihitaji watoe taarifa, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya Oktoba 30.

Halafu kuna simu yenyewe. Barua iliyofungwa njiani inasomeka kama kawaida kwenye kioo cha mwenye simu. Kifaa kikichukuliwa chini ya kifungu cha 31 kikiwa wazi, mpelelezi hana haja ya kuandika Uswisi.