Nyasi, Bati na Kiyoyozi: Historia Fupi ya Joto la Nyumba Zetu Mara

Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu Nyerere aliandika tathmini yake. Watu huikumbuka kwa habari za viwanda na vijiji. Mimi huikumbuka kwa sababu ya bati. Humo ndani Mwalimu anawasema Watanzania kwa kung'ang'ania saruji na mabati kana kwamba bila hivyo hakuna nyumba. Anauona kama ugonjwa, akili iliyopooza. Saruji, anasema, kimsingi ni udongo tu, ila tumeiheshimu kwa kuwa ni udongo wa Ulaya. Na bati halifui dafu mbele ya kigae.

Nimeyafikiria sana maneno hayo tangu nilipoanza kuwauliza mafundi wa viyoyozi wa Musoma kuhusu kazi yao. Fundi anayejua kazi, ukimwita chumbani, haangalii ukuta kwanza. Anaangalia juu. Anataka kujua kama kuna dari, na juu ya dari kuna nini. Historia yote ya joto na baridi ya nyumba zetu iko hapo juu.

Mkoa wetu una hali ya hewa ya ajabu kidogo. Tuko karibu sana na ikweta, lakini hata Musoma, iliyo kandokando ya ziwa, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Butiama iko juu zaidi. Mchana jua linachoma kweli, usiku baridi inashuka. Musoma ina bahati ya upepo: mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Bunda mjini hawana bahati hiyo kwa kiasi hichohicho, na vumbi wanalo la kutosha. Kwa hiyo nyumba ya Mara ina kazi mbili ndani ya saa 24: kupoza na kupasha moto.

Nyumba ya msonge ilizifanya zote mbili. Nyasi zilizofungwa nene hushika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ukuta wa fito uliokandikwa udongo hulipokea joto la mchana polepole. Usiku kulikuwa na moto katikati, na pengine ndama au mbuzi walilala humohumo, nao ni majiko yenye miguu. Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu tulilisahau: ule moshi uliokuwa ukitutoa machozi ndio uliokuwa ukilitunza paa. Uliikausha nyasi na kufukuza mchwa na wadudu. Nyumba ikikaa bila moto, paa linaanza kuoza. Kupika, kupasha moto na kukarabati ilikuwa kazi moja.

Lakini tusidanganyane. Kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe, na mara nyingi alikuwa mwanamke. Yeye ndiye aliyekata nyasi na kuzibeba kichwani, akakandika ukuta upya kila mvua zilipoubomoa, na akavuta moshi ule miaka yote mpaka macho yakawa mekundu na kifua kikakorofika. Nyasi huvuja, hushika moto, hufuga nyoka. Mtu akinisimulia uzuri wa msonge bila kumtaja aliyeuezeka, simsikilizi sana.

Bati lilikuja kwa njia ya ziwa. Ni uvumbuzi wa Uingereza wa mwaka 1829, lakini kwetu likawa jambo la kawaida baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901 na meli za mvuke kuanza kubeba shehena kuzunguka ziwa. Likaezeka maduka ya Wahindi, misheni, ofisi za serikali. Wakoloni wenyewe walilijua lilivyo, ndiyo maana chini yake waliweka dari ya juu na kuzungushia baraza pana. Sisi tulinunua bati. Dari na baraza tulisema tutaweka baadaye.

Kisha vikaja vijiji. Mwishoni mwa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi iishe kabla ya 1976 kwisha. Watu walihama, nyumba zikaachwa, nyingine zikabomolewa. Hapa ndipo ninapomgombeza Mwalimu kwa heshima zote. Ukikusanya kaya mamia mahali pamoja, nyasi ndefu za kuezekea na miti ya fito inakimbilia mbali. Mama aliyekuwa akikata nyasi nyuma ya boma lake sasa anatembea nusu siku. Unamwambia achome vigae. Kuni za kuchomea vigae ziko wapi? Bati linabebwa kwa baiskeli, linapigiliwa siku moja, na mvua ikinyesha linakupa maji ya kunywa. Huo haukuwa ugonjwa wa akili. Ilikuwa hesabu, na ni sera yake iliyoifanya hesabu hiyo iwe rahisi.

Hata hivyo kuhusu joto alikuwa sahihi kabisa. Bati tupu saa nane mchana ni kikaango. Usiku linapoteza joto lake angani upesi kuliko hata mawe ya Butiama, na alfajiri linakudondoshea matone ya umande kitandani. Moto ulishahamishiwa jiko la nje, kwa hiyo usiku wa baridi watu wakaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Nyumba ya nyasi ilikuwa inapumua. Chumba cha saruji hakipumui, na hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Familia zimelala zisiamke. Nikiulizwa ni hasara gani kubwa kuliko zote katika mabadiliko haya, nitataja hiyo kabla ya joto.

Umeme uliposambaa, hasa baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, pangaboi likaenea, na mjini kiyoyozi. Mashine hii haikubuniwa kwa ajili ya mtu. Mwaka 1902 Willis Carrier aliibuni kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, karatasi zisivimbe kwa unyevu. Na haitengenezi baridi: inachota joto la ndani na kulimwaga nje. Chini ya bati lisilo na dari unachota maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Matengenezo nayo yana siasa zake. Musoma, wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi huziba chujio. Bunda ni vumbi. Mara nyingi kuosha tu kunarudisha baridi, lakini wateja wanapenda kusikia “gesi imeisha”. Gesi haiishi kama mkaa, jamani. Ikipungua, pana tundu, na anayekujazia bila kulitafuta atarudi tena mwezi ujao kwa hela yako. Mashine za zamani zinatumia R-22, ambayo chini ya mkataba wa Montreal wa 1987 nchi kama yetu zinatakiwa kuachana nayo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Gesi zilizofuata nazo zikaguswa na makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016. Nyingi mpya zina R-32, ambayo inaweza kushika moto, wala huwezi kuimimina tu ndani ya mashine ya R-22.

Fundi mmoja mjini, nilipomwambia nataka kiyoyozi kikubwa zaidi, alinijibu: “Kaka, weka dari kwanza. Toboa matundu ya hewa pale juu. Hela ikibaki ndiyo tuongee.” Nikaweka dari. Nilibaki na pangaboi.

Siku hizi ukipita barabara kuu kuingia Bunda utaona nyumba mpya zenye mapaa ya rangi, mekundu na ya kahawia, mawimbi yamepangana vizuri. Kwa mbali unasema ni vigae. Ni bati, limekunjwa kiwandani lifanane na kigae, na linauzwa ghali kuliko lile la kawaida.