Mfahamu Godliver Gordian, staa wa ‘Aisha’ aliyeng'ara kupitia Pangani

Ukimuuliza mtu akutajie mastaa wa kike wa Bongo Muvi, ataanza na Wema Sepetu au Lulu kabla hata hujamaliza swali. Jina la Godliver Gordian linaweza kuchelewa kidogo. Lakini mwaka 2015, kwenye Tamasha la Filamu la Zanzibar (ZIFF), ni yeye aliyeondoka na tuzo ya mwigizaji bora wa kike.

Kinachovutia zaidi ni kwamba filamu iliyompa tuzo hiyo, ‘Aisha’, haikutoka Sinza wala Kinondoni. Ilitoka Pangani, mkoani Tanga.

Alianzia kwenye tamthilia

Watazamaji wengi walianza kumuona kwenye ‘Siri ya Mtungi’, tamthilia iliyoanza kuruka mwaka 2012. Iliandaliwa na kampuni ya MFDI chini ya mwongozaji Jordan Riber, na hadithi yake ilihusu Cheche, kijana mpiga picha, pamoja na watu wa Bagamoyo na Dar es Salaam wanaomzunguka. Katikati ya mapenzi na vituko, ilibeba ujumbe wa afya kama uzazi wa mpango na Ukimwi.

Kumbuka hali ilivyokuwa wakati huo. Steven Kanumba alikuwa amefariki Aprili 7, 2012, soko lilitegemea CD, na maharamia wa kazi za wasanii walikuwa wanakula jasho la watu. Filamu nyingi zilipigwa haraka haraka ili ziwahi dukani. Tamthilia kama ile, yenye muswada uliokaa sawa na muda wa kufanya mazoezi, ilikuwa shule nzuri kwa mwigizaji.

Halafu ikaja ‘Aisha’

Pangani ni mji mdogo wa kale, kusini mwa Jiji la Tanga, pale mto unapoingia baharini na watu wanavuka kwa kivuko kwenda Bweni. Ndipo yalipo makao ya UZIKWASA, yaani Uzima kwa Sanaa, shirika linalotumia maigizo na redio yake, Pangani FM, kuzungumza na wanavijiji kuhusu uongozi, jinsia na ukatili. Shirika hilo ndilo lililoitengeneza ‘Aisha’, ikiongozwa na Chande Omar.

Godliver anacheza kama Aisha mwenyewe, mke na mama anayejitafutia riziki mjini. Anarudi kijijini kwao kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Badala ya kula pilau na kucheza ngoma, anabakwa na kundi la wanaume.

Kuanzia hapo, mpambano wa Aisha si na wabakaji peke yao. Ni pamoja na kijiji kinachotaka yaishe kimya kimya, familia zinazoogopa aibu, na watu wanaojua ukweli ila wamefunga midomo.

Kwa nini ilikuwa kazi ngumu

Kiukweli, hii si aina ya nafasi ya kuuza sura. Ukizidisha machozi, mtazamaji anachoka. Ukipoa sana, haamini. Godliver alilazimika kubeba filamu nzima akiwa mwanamke aliyeumizwa lakini hajakubali kuitwa mhanga tu.

Na mada yenyewe inagusa maisha ya watu. Tangu mwaka 1998 Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na adhabu ya kubaka inaanzia miaka 30 jela. Lakini sheria haifanyi kazi kama kesi inamalizwa barazani kwa faini na kuombana radhi. Hapo ndipo filamu ilipoweka kidole.

Baada ya hapo

Mwaka 2021 alionekana tena kwenye ‘Binti’, filamu ya mwongozaji Seko Shamte inayofuata maisha ya wanawake wanne jijini Dar es Salaam. Nayo inagusa mambo ambayo wanawake wengi huambiwa wavumilie, ukiwemo ukatili wa majumbani.

Tanga tumeizoea kwa taarabu, enzi za Black Star na Lucky Star. ‘Aisha’ ilionesha kwamba mkoa huo unaweza pia kutoa filamu ya kushinda tuzo, tena kutoka wilaya isiyo na jumba la kifahari wala bajeti ya kutisha.

Kwa msanii chipukizi anayesoma hapa, safari ya Godliver ina somo moja. Kiki inaweza kukufanya ujulikane wiki hii, ila nafasi moja iliyochezwa vizuri inaweza kukutambulisha hata miaka kumi baadaye.

Wewe uliitazama ‘Aisha’? Kwenu, jambo kama lile lingefika polisi au lingeishia barazani?