Nyoka wa Mawe na Nyoka wa Miti

Milima inayoizunguka Hamriya, Maskati, ni mawe matupu. Aliyekulia Unguja aweza kudhani hapana nyoka hapo, maana kwao nyoka hufuata majani. Wapo. Wa kuogopwa zaidi ni mmoja wa ukoo wa kifutu, hafiki mita moja, rangi yake ya mwamba alioulalia. Wataalamu walimpa jina lake, Echis omanensis, mwaka 2004. Mchana hujificha chini ya mawe. Usiku hutoka kuvizia vyura kwenye vidimbwi vya mabondeni. Akikerwa hujikunja na kusugua magamba yake, yakakwaruza kama msumeno.

Unguja na mwambao wa Kenya anayehofiwa ni koboko wa kijani, Dendroaspis angusticeps. Huyu makao yake ni juu, kwenye miembe na mikorosho, anakowinda ndege, na mita mbili za mwili wake hupotea majanini. Mtu humkimbia, na yeye humkimbia mtu. Ukukwi, asiye na madhara, hupigwa bure kwa kufananishwa naye. Hiyo ni dhuluma.

Tofauti kubwa imo katika sumu. Ya nyoka wa Omani huizuia damu kuganda, mtu akavuja hata fizini. Ya koboko hushika mishipa ya fahamu, pumzi ikakatika. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya mmoja haiponyi sumu ya mwingine.

Hata hivyo Omani na Afrika Mashariki zina nyoka wa pamoja. Kusini mwa Omani, Dhofar, ambako mvua za monsuni, ziitwazo khareef, huotesha nyasi milimani na Salala ina minazi, yupo kifutu yuleyule wa bara ya Afrika, Bitis arietans: mzito, mzito pia wa kuondoka njiani, ndiyo maana hukanyagwa.

Watu nao walimtazama nyoka kwa macho tofauti. Salut, karibu na Bahla, watu wa Zama za Chuma walimfinyanga juu ya vyungu na kumtengeneza kwa shaba. Usukumani, Tanzania, wacheza nyoka waitwao Bayeye humshika akiwa hai na kucheza naye ngomani. Wale walimheshimu kwa sanamu, hawa kwa ujuzi wa mikono. Sioni sababu ya kumpa mmoja daraja la juu.

Basi ndugu msomaji, ukishuka bondeni usiku huko Maskati, vaa viatu na ushike tochi; ukiwa Unguja, tazama tawi kabla hujaparamia mwembe. Ukiumwa, kokote uliko, usichanje jeraha wala usilikaze kwa kamba. Wahi hospitali.