Mwanza hadi London: miaka 95 ya safari ya kuungaunga

Februari 28, 2026 ilitimia miaka 95 tangu ndege ya Imperial Airways iondoke Croydon, London, na mifuko ya barua za kwenda Mwanza. Zilifika baada ya siku kama kumi. Mwaka uliofuata njia ilisogezwa hadi Cape Town kupitia Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Abiria walishushwa Paris, wakapanda treni hadi Brindisi, kusini mwa Italia, kwa sababu ya ugomvi wa Waingereza na Waitalia juu ya haki za anga.

Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za kutua majini. Kutoka Southampton zilishuka Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndiyo, Lindi! Safari nzima hadi Durban ikawa chini ya juma moja.

Mojawapo iliitwa Corsair, na mwandishi Mwingereza Graham Coster ameiandikia kitabu kizima, Corsairville. Machi 14, 1939 iliruka kutoka Port Bell, Uganda, kuelekea Juba. Chombo cha kutafutia mwelekeo kikawadanganya marubani, mafuta yakakaribia kwisha, na chini yao ikawa misitu ya Kongo ya Wabelgiji. Walipouona mto Dungu, mwembamba kama uchochoro, wakatua. Ndege ikagonga mwamba, ikatoboka. Hakuna aliyekufa.

Kuitoa ilikuwa kazi ya miezi kumi. Mafundi wakaletwa kutoka Uingereza, wakaiziba, lakini ilipojaribu kuruka ikagonga jiwe tena. Vita Kuu ya Pili ikaanza huku ndege ingali pale, na kampuni haikuwa na ndege ya kutupa. Ikabidi mto uzibwe kwa bwawa ili maji yajae. Januari 6, 1940 ikaruka. Sifa hupewa mafundi na rubani. Mimi naona wenyeji waliobeba mawe na udongo wa lile bwawa wamepunjwa.

Baada ya vita zilikuja ndege za jeti. VC10 za East African Airways ziliipeleka bendera yetu London hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977.

Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kilomita zipatazo 7,500, mwendo wa saa kumi hivi angani. Ila British Airways iliacha kuja Dar mwaka 2013. Dreamliner zetu, tulizoanza kuzipokea mwaka 2018, zina uwezo wa kufika bila kutua njiani, lakini Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliifungia Air Tanzania anga lake, ambalo njia ya London hulipitia. Kwa hiyo msafiri wa Dar anabadilisha ndege Addis Ababa, Doha au Istanbul, na saa kumi zinageuka kumi na tano, hata ishirini ratiba zisipopatana.